Kurudi, Kurudisha na Kurudishiwa: Suala la Maadili katika Wimbo wa Chemirocha

Utangulizi

Mwimbaji maarufu anapotoweka jukwaani kwa miaka kadhaa kisha akatoa albamu mpya, wasikilizaji husema kwamba amerudi. Kauli hiyo huonekana nyepesi, lakini ndani yake mna swali la kimaadili: ni nini hasa kilichorudi, kimerudi kwa nani, na kurudi huko kumelipa deni gani? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa nyimbo zilizorekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika eneo la mashamba ya chai la Kericho na Bomet, na ambazo zilirudi kwa wenyewe baada ya zaidi ya miongo sita. Hoja yetu ni kwamba kurudi kwa sauti hakutimii mpaka aliyeitoa apate tena mamlaka ya kuitaja na kuieleza.

Jina na mwenye jina

Tuanze na mfano unaojulikana ulimwenguni kote. Mwaka 1984 Tina Turner, mwimbaji wa soul na pop kutoka Marekani, alitoa albamu ya Private Dancer. Mwaka uliofuata alipata tuzo za Grammy, na waandishi wengi wakaiita albamu hiyo marejeo makuu ya msanii aliyekwisha kusahauliwa. Lakini ukweli ni kwamba Tina Turner hakuwa ameacha kuimba. Baada ya kumwacha mumewe, Ike Turner, aliendelea kuimba katika hoteli na kumbi ndogo. Talaka yao ilipokamilika mwaka 1978, aliacha mali nyingi na kusisitiza jambo moja: abaki na jina lake la jukwaani. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Anna Mae Bullock, na aliyembandika jina la Tina alikuwa Ike mwenyewe.

Mfano huu unatufunza kwamba kabla sauti haijarudi sokoni, jina lilikuwa limekwisha kurudi kwa aliyelitolea jasho. Albamu ya 1984 ilikuwa tunda. Mzizi ulikuwa uamuzi wa 1978. Msanii aliyerudi bila kumiliki jina lake angekuwa amerudishwa tu, kama mzigo unavyorudishwa ghalani.

Mgeni asiyefika

Sasa tuugeukie mfano wetu. Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897, alifanya kazi kwenye reli kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri wa gitaa. Alijulikana kwa namna alivyoivunja sauti yake na kuirusha juu ghafla. Alirekodi nyimbo zaidi ya mia moja kuanzia mwaka 1927, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakupata kukanyaga ardhi ya Kenya. Hata hivyo, santuri zake zilifika na kusikika miongoni mwa Wakipsigis, na jina lake likapita katika matamshi ya wenyeji likawa Chemirocha. Mwanzo huo wa Che- ndio unaosikika katika majina kama Chebet na Chemutai. Kwa hiyo mgeni hakutamkwa tu. Alipokelewa katika sarufi ya nyumbani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, alifika Kapkatet, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, akarekodi nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Uliopata umaarufu mkubwa ni wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis kwa kuandamana na zeze la Kipsigis. Tracey alieleza katika maandishi yake kwamba wasichana walimfanya Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, mfano wa Pan, mungu wa Wagiriki wa kale. Aliongeza kwamba wasichana hao walimhimiza acheze ngoma ya kurukaruka hadi nguo zimtoke.

Mhakiki wa fasihi hana budi kuitazama tafsiri hiyo kwa makini. Tracey aliona mungu. Sisi tunaweza kuona mzaha. Msichana anayemwita mgeni asiyeonekana aje aruke mpaka abaki uchi si lazima awe anamwabudu. Huenda anamtania, na utani wa namna hiyo ni silaha ya kale ya fasihi simulizi: mwenye nguvu huteremshwa hadi uwanjani na kuchezeshwa kwa mdundo wa wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kwa kucheka. Hatudai kwamba usomaji wetu ndio sahihi na ule wa Tracey ni batili. Tunadai kwamba kwa miaka mingi usomaji mmoja tu ndio uliosambazwa pamoja na wimbo, na haukuwa wa waimbaji.

Kurudisha na kurudishia

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954, na ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2014 na 2015 maktaba hiyo ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kupeleka nakala Kapkatet. Baadhi ya waliorekodiwa wakiwa vijana walikuwa bado hai. Walizisikia sauti za ujana wao wakiwa wazee.

Tendo hili lastahili sifa. Lakini lugha yetu inatutaka tupambanue. Kurudi ni tendo la anayetoka na kuja mwenyewe. Kurudisha ni tendo la mwenye kushika kitu. Kurudishia kunamtaja anayestahili kupokea. Kitu chaweza kurudishwa mahali bila mtu yeyote kurudishiwa chochote. Nakala ikiwekwa mkononi mwa mzee, ilhali maelezo yanayosomwa duniani yamebaki yaleyale ya mwaka 1950, wimbo umerudishwa Kapkatet; Wakipsigis hawajarudishiwa wimbo.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu, hasa katika eneo hilihili la chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu hao waliruhusiwa kurudi, lakini ardhi yao haikuwangojea, na wengi waliishi kama maskwota kandokando ya mji wa Kericho. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa bado wanaihoji Uingereza juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wakipsigis na Talai. Hatusemi kwamba wimbo ni sawa na shamba. Tunasema kwamba watu wa Kericho wamekwisha kujifunza, kwa gharama kubwa, kuwa mtu aweza kurudi bila kurudishiwa.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba bila Tracey sauti hizo zingepotea kabisa, na kwa hiyo anadaiwa shukrani tu. Kwamba zingepotea, twakubali. Lakini shukrani haifuti deni. Dawa ya deni ni kulipa. Aliyemwokolea jirani ng'ombe mtoni hawi mwenye ng'ombe.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Je, wasichana wa Kapkatet nao hawakumchukua Rodgers bila idhini yake? Na Rodgers mwenyewe hakujifunza mengi kutoka kwa Wamarekani weusi aliofanya nao kazi kwenye reli? Ikiwa kila wimbo umeazimwa, nani atamdai nani? Tunajibu kwamba kuazima peke yake si dhuluma. Sanaa yote huishi kwa kuazima. Dhuluma huanza pale mwenye uwezo wa kuandika anapokuwa ndiye pekee anayesikika. Wasichana walimchukua Rodgers wakamwacha na jina lake, santuri zake na sifa zake, hawakumpunguzia kitu. Isitoshe, walimtaja waziwazi. Ulimwengu uliousikia wimbo wao, kwa upande mwingine, humtaja Rodgers na Tracey kwa urahisi, na jina la Chemutoi Ketienya, ingawa limeandikwa katika orodha ya rekodi, si wengi wanaolikumbuka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba marejeo ya msanii hayapimwi kwa mauzo wala kwa makofi. Tina Turner alirudi akiwa na jina lake mkononi, na ndiyo maana twaweza kusema kwamba alirudi. Waimbaji wa Kapkatet wameletewa sauti zao, na kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaofundisha na kuandika: kuwataja kwanza, kuyakusanya maelezo yao na ya watoto wao kwa Kikipsigis, na kuyaweka mbele ya maelezo ya mgeni, si katika tanbihi. Neno kurudi lina maana nyingine tunayoisahau: kumrudi mtu ni kumwonya na kumrekebisha. Wimbo uliorudi Kapkatet una haki ya kuturudi.