Kosa la Kivuli

Kwetu kivuli ni jambo jema. Mgeni akifika, unamsogezea kiti kivulini. Ndiyo maana nilishangaa niliposoma kuhusu samaki wa Seattle, kule Marekani: ati shtaka moja kubwa dhidi ya magati ya mji ule ni kivuli.

Iko hivi. Samoni huzaliwa mtoni, kisha wakiwa bado wadogo kama kidole huteremka hadi mto unapokutana na bahari, wakafuata ufuo kuelekea bahari kuu. Hujibana penye maji ya kina kifupi manake huko samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi, na chakula kipo. Sasa, Seattle ilijenga ukuta wa bahari kati ya 1916 na 1934. Ufuo ukapotea, maji yakawa marefu palepale ukutani, na magati mapana yakayafunika. Watafiti waliochunguza waliona vijisamaki vikifika kwenye ukingo wa kivuli na kusita. Vingine hurudi. Vingine huzunguka gati kupitia maji marefu, kwa wenye meno. Vinavyoingia gizani havili vizuri.

Hapa hakuna nyavu wala ndoano. Je, unaweza kumkosea kiumbe bila kumgusa?

Rafiki yangu mhandisi alinicheka. "Bana, kila jengo lina kivuli. Tusijenge?"

Hoja yake si ya kupuuza. Waliojenga ukuta ule walitaka meli zipate pa kufunga na mji usiliwe na mawimbi. Hawakuwa na kisa na samaki. Lakini nia njema tunaitwika mzigo usio wake. Waulize wapangaji wa Pipeline, Nairobi. Ghorofa ya jirani ikifunika dirisha lako, kama mwenye jengo anakupenda au hakupendi si hoja. Unawasha taa saa sita mchana, na tokeni unanunua wewe.

Ukuta wa Seattle ulichakaa, mbao zake zikatafunwa na wadudu wa baharini, na tetemeko la 2001 likawatia watu hofu. Ujenzi mpya ulianza 2013. Mji haukuhamishwa. Walipandisha sakafu ya bahari kwa mawe, wakaupa ukuta uso wenye mikwaruzo na vishubaka ili mwani ushike, na njia ya miguu wakaitia vioo vinene vya kupitisha mwanga. Mtu anaenda zake kununua kahawa, chini ya viatu vyake samoni wanapita. Mwanga wenyewe ni hafifu, haufikii wa ufuo ulio wazi. Wengine wataita huo msamaha wa bei nafuu. Mimi nauona kama deni lililoanza kulipwa, tena si kwa samaki peke yao: mkataba wa 1855 uliwahakikishia wenyeji wa asili haki ya kuvua pale walipozoea, na haki ya kuvua bila samaki ni karatasi tu.

Mombasa hatuna samoni. Tuna hori ya Tudor na mikoko yake, na katikati ya ile mizizi vitoto vya samaki hujificha vilevile. Mikoko nayo ina kivuli, tena kizito! Ila kivuli chake kina mianya, na ndani yake mna pa kujificha na cha kula. Gati la zege halina.

Rafiki yangu huyo sasa anachora ukuta wa kando ya maji kwa mteja wake. Nimemwomba anionyeshe mchoro kabla saruji haijamwagwa. Nataka kujua saa sita mchana, maji yakiwa yamejaa, kivuli kinaangukia nani.