Karo Haimshiki Mtu Mkono

Kumlipia mtoto wa jirani karo, kunatosha?

Kwetu Wiyoni kijana akipata nafasi ya chuo, mtaa unachanga, mkopo wa HELB unaombwa, boti hadi Mokowe, basi, ameenda. Halafu kimya. Mimi niliacha mwaka wa pili, na si karo iliyonitoa. Nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo. Nikimuuliza mamangu mtihani wa kurudia unaombwaje, aliniombea dua. Dua nilizihitaji, ila fomu pia.

Wings to Fly, iliyoanza 2010, imelielewa hili: hulipia sekondari, na pia huwapa wanafunzi walezi wa kuwafuatilia. Lakini Lamu tulilijua zamani. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija karne ya 19, alisomesha waliodharauliwa, wakiwemo waliokuwa watumwa, na wakubwa wa mji hawakupenda. Hakuwapa kitabu akaenda zake. Alikaa nao maisha yake yote, na Riyadha inasomesha hadi leo.

Ndiyo tofauti. Pesa ukishatoa, umemaliza. Kumshika mtu mkono ni ahadi ya miaka, na kumwachilia katikati kunaumiza kuliko kutomshika kabisa.

Utasema kila mtu ana shughuli zake. Sawa, basi chukua mmoja tu. Mpigie simu kila mwezi, mpaka avae joho. Usisubiri uwe na shahada: hata aliyeishia njiani anajua mashimo yako wapi.