Kaa la Moto na Taa ya Barazani

Wale walio na umri kama wangu katika kisiwa hiki cha Pemba watakumbuka jinsi moto ulivyopatikana asubuhi. Mafuta ya taa yalikuwa haba, na kibiriti kikiisha nyumbani hakikununuliwa siku ile ile. Mama alitoka uani, akatazama mapaa ya majirani, na pale alipoona moshi ndipo alipomtuma mtoto. Mtoto akachukua kifuu cha nazi, akapiga hodi, akasema, "Shikamoo bibi, mama aomba moto." Yule bibi hakuuliza neno. Alivuta makaa mawili matatu, akayatia katika kifuu juu ya majivu, na mtoto akarudi mbio akiyapuliza yasizimike njiani. Mpaka leo mgeni akija na kuondoka upesi twamwuliza, je, ulikuja kuomba moto?

Sikumbuki hata mara moja kusikia mtu amenyimwa moto. Watu waligombana kwa mikarafuu, kwa mipaka ya mashamba, na kwa mbuzi aliyekula mihogo. Walakini mtu asiyesemezana na jirani yake aliweza bado kumtuma mtoto kuomba kaa, na kaa likatoka. Sababu yake si ngumu kuijua. Moto una tabia ambayo mali nyingine haina: ukiugawa haupungui. Mchele ukigawa kibaba kimoja, kibaba kimoja kimekwenda. Bali jiko lililotoa kaa huwaka kama lilivyokuwa likiwaka. Tena aliyetoa leo ndiye atakayeomba kesho.

Siku hizi katika vijiji vyetu vingi nuru ya usiku haitoki jikoni, yatoka ukutani. Basi ninalo swali. Je, mtu mwenye umeme ana deni kwa jirani yake asiye nao, kama mwenye moto alivyokuwa nalo? Au umeme ni mali kama nguo na mchele, ambayo mtu akiitoa ametenda hisani, na asipoitoa hana lawama?

Ili kujibu, yatupasa kwanza kujua jinsi kitu hiki kilivyofika nyumbani mwetu, kwa maana kilikuja na desturi zake. Mwaka 1882, tarehe 4 Septemba, Thomas Edison alifungua mtambo wake katika barabara ya Pearl Street mjini New York, akawasha taa kama 400 katika nyumba za watu waliokuwa karibu. Wengi wetu twaijua taa yake. Wachache twakijua kipimo chake. Edison aliona ya kuwa nuru isiyopimwa haiwezi kuuzwa, akabuni chupa yenye maji ya dawa na vipande viwili vya bati la zinki. Umeme ulipopita, zinki ilihama kidogo kidogo kutoka kipande kimoja kwenda kingine, na kila mwezi mtu wa kampuni alivichukua vile vipande, akavipima kwa mizani, akajua mwenye nyumba ametumia kiasi gani. Kwa hiyo tangu utoto wake nuru hii ilitembea na mizani. Moto wa bibi yangu haukuwa na mizani.

Huku kwetu ilianza kama ajabu ya mfalme. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na nyumba hiyo ndiyo ya kwanza mjini Unguja kutiwa taa za umeme. Huyo huyo Barghash alileta maji ya chemchemi mpaka mjini kwa mifereji. Maji yakawafikia watu. Nuru ilibaki nyumbani mwake, watu wakaitazama kwa nje. Mwanzo wa karne ya 20, katika miaka ile Wamarekani walipojenga reli ndogo ya kwenda Bububu, taa za umeme zilianza kuwaka katika mitaa ya mji. (Wenzetu wa Kenya huuita umeme "stima" mpaka leo, neno lile lile la meli ya moshi. Sisi tuliupa jina la kile kimulikacho mawinguni, nadhani kwa haki zaidi.)

Sisi wa Pemba tulikawia. Muda wa miaka mingi umeme wetu ulifanywa kwa mitambo ya dizeli hapo Wesha, karibu na Chake Chake, na mafuta yake yalikuja kwa meli. Mafuta yakikawia, au mtambo ukiugua, tulilala gizani. Mwezi wa Juni mwaka 2010 ndipo ulipofunguliwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, urefu wake kama kilomita 78, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitolewa na serikali ya Norway. Tangu siku zile tumeunganishwa na gridi ya bara. Na katika nguvu ya gridi hiyo imo nguvu ya maporomoko ya mto Pangani, pale Hale na chini yake, na maji ya mto huo huanzia Kilimanjaro na Meru. Mvua iliyonyesha juu ya Kilimanjaro yaweza kuwasha taa ya mtu wa Konde. Nami nikibonyeza swichi yangu nasema, "Nimewasha taa yangu," kana kwamba niliuchimba mto mimi.

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa maana swali hili silikuta kitabuni.

Karibu nami anakaa bibi mmoja mjane, pamoja na mjukuu wake aliyekuwa darasa la sita wakati ule. Nguzo ya umeme imesimama kando ya ua wangu, na waya wapita juu ya paa la bibi huyo kwenda nyumba za mbele. Wapita tu, haushuki. Gharama ya kuuteremsha ni kubwa kwa mtu auzaye maandazi. Basi mtoto yule alizoea kuja barazani kwangu baada ya magharibi, akakaa chini ya taa ya nje, akasoma mpaka usingizi ulipomshinda. Hakuomba ruhusa, wala mimi sikumpa. Alikuja tu, kama watoto walivyokuja zamani na kifuu.

Mwezi mmoja uniti zangu ziliisha kabla ya wakati. Wenye mita za kulipa kwanza mwajua jinsi ilivyo: wanunua, wapewa tarakimu 20, wazibonyeza moja moja, na tangu hapo wakitazama kile kihesabu kikishuka kama mtu atazamaye mtungi unaovuja. Nilizunguka nyumbani nikitafuta kinachokula. Friji ilinguruma pembeni, sikuitazama. Pasi ilikuwa mezani, sikuitazama. Nilitoka nje nikaiona taa ya barazani ikiwaka, na chini yake mtoto asiye wangu. Kesho yake kabla ya jua kuchwa niliizungusha ile globu, nikaitoa, nikaiweka sandukuni.

Mtoto akaja kama kawaida. Nilimsikia akisimama gizani. Akapiga hodi, akasema, "Shikamoo mwalimu. Taa imeungua?"

Nikasema, "Marahaba. Naam, imeungua."

Jioni ya pili akarudi, mkononi ana globu mpya katika boksi lake. Akasema, "Bibi asema mwalimu apokee hii, maana ile imeungua kwa sababu yangu."

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya mapema. Taa ile ni ya wati 10. Uniti moja yawasha taa ya wati 10 muda wa saa 100. Mtoto alisoma yapata saa nne kila jioni. Basi uniti moja ilimtosha siku 25. Pasi yangu ya wati 1,000 yaimaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja, nami naipiga nguo pasi kila Jumamosi nikipiga mluzi. Nilimnyima mtoto nuru ya karibu mwezi mzima kwa bei ya kunyoosha mashati machache, na juu yake nikaongeza uwongo.

Wala sikufanya hivyo kwa kuwa mimi ni bahili kuliko bibi yangu. Ninaamini ya kuwa kosa lilianzia machoni. Kitu kikihesabiwa mbele ya macho yetu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na kile kisichohesabiwa huonekana si kitu. Bibi yangu hakuona jiko lake likipungua, kwa hiyo alitoa. Mimi niliona tarakimu zikipungua, sikuuliza zapungua kwa nani, nikafunga mkono. Kipimo si kibaya. Bila kipimo nisingaliweza hata kujua jinsi nilivyokosa. Lakini mtu apimaye nusu tu, akapima kitokacho kwa jirani asipime kitokacho kwake mwenyewe, kipimo chake ni cha udanganyifu.

Jirani zetu Waislamu wana mafundisho ya zamani yasemayo ya kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Nimeyasikia tangu utoto, nami nayaona ya haki. Mkristo mwenzangu mmoja, nilipomweleza habari hii, alinijibu kwa upesi kwamba sisi tunao mfano wa wanawali kumi, na wale wenye busara walikataa kuwagawia wenzao mafuta, wala hawakulaumiwa. Jambo hili lilinisumbua siku nyingi. Hata nikaona ya kuwa wanawali wale walitoa sababu yao: mafuta hayakutosha pande zote mbili, na kama wangaligawa, taa zote zingalizimika. Basi yule anayetaka kusimama pamoja nao na aulize kama wao walivyouliza: nikitoa, je, yangu itazimika? Kwa taa ya barazani jibu ni hapana. Kwa simu ya jirani iliyoishiwa chaji jibu ni hapana, kwa maana uniti moja yaweza kuijaza simu ndogo kama mara 100. Katika mambo hayo umeme ni moto ule ule wa kifuu, na mwenye kuunyima ananyima kaa.

Kwa friji jibu si jepesi hivyo. Mtu akileta samaki wake wagandishwe kila siku, akafuata wa pili na wa tatu, mwenye friji atashindwa kulipa, na friji itakaa wazi bila kazi. Hapo ni haki wachangie, wala sioni aibu ikiwa mwenye friji ataitisha mchango ulio sawa na gharama. Na kuhusu kuvuta waya kutoka nyumba yangu hata nyumba ya jirani, Shirika la Umeme lakataza, nami nawaunga mkono wenye kukataza. Waya mbovu juu ya makuti ni moto ambao hakuna aliyeuomba.

Watu wa Unguja walipata kujaribiwa katika jambo hili. Mwezi wa Mei mwaka 2008 waya wao wa kutoka bara uliharibika wakakaa gizani karibu mwezi mmoja; tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010 walikaa miezi mitatu. Pampu zilisimama, maji ya bomba yakakauka. Ndipo visima vya zamani vilipokumbukwa, navyo vingine vilikuwa katika nyua za watu. Mwenye kisima na mwenye jenereta walikuwa wakubwa siku zile, na kila mmoja alionekana alivyo.

Liko neno moja ambalo taa yangu haiwezi kulimaliza. Waya bado wapita juu ya paa la yule bibi. Mimi naweza kumpa mtoto nuru barazani, lakini kwa nini mtoto akae barazani kwa mtu miaka na miaka, akiondoka mvua ikija, akinyamaza mwenye nyumba akiwa na wageni? Nguzo ile haikusimamishwa kwa fedha yangu. Ilisimamishwa kwa fedha ya watu wengi, na wengine ni wageni wa mbali wasioijua hata njia ya kuja Pemba. Hapo deni si langu peke yangu wala hisani yangu haitoshi kulilipa. Ni la kijiji na la wenye mamlaka pamoja. Tulipokutana mwaka huu watu kumi na wawili wa mtaa wetu kushauriana juu ya kuchanga ili waya ushuke katika nyumba tatu zilizobaki, mmoja alisema, "Kwani wao wameomba?" Nikamwambia ya kuwa zamani waliomba kwa sababu walijua watapewa. Mchango haujatimia, umefika nusu.

Mtoto sasa yuko sekondari. Jioni bado huja, na mara nyingine huja na wenzake wawili, nami nimeongeza benchi. Globu inayowaka pale ni ile aliyoinunua bibi. Yangu ingali sandukuni, nzima, na mpaka leo sijampelekea bibi wala kumwambia.