Jumanne: Moto wa Kuazima

Soma Mathayo 25:1–13. Wanawali wapumbavu walikuwa na taa. Walipungukiwa nini?

Gari la haibridi lina betri mbili. Ile kubwa yaweza kuwa na chaji tele, lakini ndogo ya volti 12 ikifa, kompyuta haziamki na nguvu ile yote hukaa bure. Fundi aipime kwanza. Huenda taa iliachwa ikiwaka. Ikiwa imechoka kweli, inunuliwe nyingine, ingawa bei inauma. Wengine huazima moto wa jirani kila asubuhi. Mwaka 1872 Livingstone alingoja wapagazi kutoka pwani miezi mitano pale Kwihara, karibu na Tabora. Hakuwa na njia nyingine. Mwenye gari anayo. Mgonjwa akihitaji kufikishwa Kitete saa nane usiku, ni jirani yupi ataamshwa?

Maombi yako ya juma hili yaliwashwa na nani?