Kasoro ya gari: aliyejua anyamaze?

MZEE mmoja tunayeswali naye hapa Tabora aliniletea namba ya chesisi ya gari lake la haibridi, yaani lile linalotumia petroli pamoja na umeme wa betri kubwa. Alikuwa amempata mnunuzi wa Kigoma, akataka nimtazamie kwenye intaneti mwaka halisi wa kutengenezwa. Mwaka niliupata. Nikapata na jambo ambalo hakuniuliza: kiwanda kiliwahi kuyaita magari ya aina hiyo yarudi kutengenezwa, na hilo lake halikurudishwa.

Nilipomweleza alicheka. "Ustadhi, mimi nimelinunua hivyo hivyo, nauza hivyo hivyo. Hayo yaache hukohuko Japani."

Kuitwa kwa magari si uzushi. Septemba 2018 Toyota iliita magari ya haibridi kama milioni moja duniani, zikiwemo Prius, kwa sababu nyaya za mfumo wa umeme ziliweza kulika vumbi likijikusanya, zikagusana na kuwasha moto. Vumbi! Msomaji wa Tabora hahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi uliofuata iliita mengine milioni 2.4, yaliyoweza kuzima ghafla yakiwa mwendoni. Mwaka 2020 Ford iliwaambia wenye Kuga za kuchaji kule Ulaya wasizichaji kwanza, kwa kuhofia betri kushika moto.

Lakini barua ya kiwanda humfuata mmiliki aliyesajiliwa kule. Gari likishauzwa mnadani na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Linapokelewa bandarini Dar es Salaam, linapita kwa wakala, kwa dalali, hadi kwa mzee wangu, na kila mkono unasema nimelipokea hivi. Mji wetu unaijua biashara ya namna hiyo. Mizigo ya Bagamoyo ilifika hapa Kazeh, ikabadilisha mabega, ikaendelea Ujiji. Pembe zilipita hivyo na, kwa aibu yetu, watu pia. Hakuna aliyejiona mwenye dhambi, kwa kuwa kila mmoja aliikuta kazi imeshaanza.

Je, udhuru wa kukuta unafaa? Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kuna unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Tuzingatie hapo: mvua si kosa lake, na Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza mbona hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akamweka mdanganyifu mbali na umma wake.

Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, wamekwenda mbali zaidi. Muuzaji aliyejua kasoro akanyamaza hakingwi na sharti la "nakuuzia kama lilivyo". Na hata asiyehusika na biashara, akiijua, ni wajibu amwambie mnunuzi. Imepokewa kuwa sahaba Wathila bin al-Asqa alimkimbilia mtu aliyekwishaondoka na ngamia wake, akamuuliza kama ni wa nyama au wa safari. Alipojibiwa wa safari, akamwambia kwato yake ina tundu. Muuzaji akalalamika kuwa ameharibiwa biashara.

Habari hiyo nimeifundisha darasani miaka kadhaa bila kuhisi uzito wake. Safari hii asiyehusika nilikuwa mimi, na mwenye ngamia ni mzee aliyenisaidia nilipohamia hapa, ambaye gari hilo ndilo akiba yake yote. Nilinyamaza siku mbili. Nilijiambia mimi si fundi. Nikajiambia pia kwamba huenda gari lisipate lolote, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana lilinishawishi. Kisha nikakumbuka kwamba mnunuzi alisema atakuja na mkewe na watoto, warudi nalo Kigoma.

Nikampigia. Alishukuru, halafu akauliza, "Sasa Ustadhi, hapa kwetu nani atalitengeneza?" Sikuwa na jibu. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayogusa usalama wa bidhaa, lakini sheria haifungui boneti.

Mnunuzi alighairi. Mzee tunaswali bado safu moja, ila salamu zake zimekuwa fupi. Juzi nimepita kwake nikaona gari limebandikwa karatasi ya "Linauzwa", na namba ya simu iliyoandikwa si yake, ni ya dalali.