Je, Yafaa Kwenda Kuitazama Nchi ya Baba Zetu?

Vijana wa usharika wetu wa Milepa wameniletea shauri lililoninyima usingizi kuliko nilivyotazamia. Wataka kufunga safari wakati wa kiangazi, kupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka nchi ya juu, ili wapaone mahali walipotoka baba zao: Milanzi, penye kiti cha kale, na malungu, yaani zile tanuru ndefu za udongo ambazo wazee walizitumia kuyeyushia chuma. Wengi wao wamezaliwa huku bondeni karibu na Ziwa Rukwa, nao Ufipa wa juu waujua kwa kwenda hospitali au sokoni Sumbawanga tu. Wamekwisha kuhesabu nauli na unga.

Neno hili likafika katika baraza la wazee, na mzee mmoja akalikataa. Alisema hivi: "Babu yangu alikuwa mwenye ilungu. Siku alipobatizwa alikitwaa kikapu chake cha dawa, akakitupa mtoni mbele ya watu wote. Leo wajukuu zangu waende kukistaajabia kitu alichokitupa? Basi mwamfanya babu yangu mpumbavu." Watu wakanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Yanipasa kukiri kwamba mzee hakusema uongo. Kazi ya ilungu haikuwa kazi ya mikono tu. Kabla ya moto kuwashwa, dawa ziliwekwa chini yake, na mafundi walijitenga na wake zao siku za kazi. Ilungu lenyewe lilitendewa kama bibi arusi anayetazamiwa kuzaa. Mtu akiwaambia vijana kwamba huo ulikuwa ufundi mtupu, kama kuchoma matofali, awadanganya. Tena wako wengi siku hizi wasemao hivyo, hasa mbele ya wageni wenye kamera.

Walakini huo ufundi nao ni wa kustaajabisha. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, nalo lilimzidi mtu mrefu kwa kimo. Chini yake palikuwa na matundu pande zote, na ndani yake mirija ya udongo. Likajazwa makaa na mawe ya chuma, kisha likaachwa liwake, wala hapakuwa na mtu wa kuvuta mivukuto. Moto ulijivutia pumzi yake wenyewe kutoka chini. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, hata ikawalazimu kukitia mara ya pili katika tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi akafua jembe. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya Ulaya yalipojaa madukani.

Nalifikiri jembe hilo usiku mmoja, nikarudi kwa mzee asubuhi. Nikamwuliza, "Mzee wangu, babu yako alimwoa bibi yako kwa mahari gani?" Akajibu, "Kwa majembe." Nikamwuliza, "Je, hayo nayo aliyatupa mtoni?" Alinitazama kwa muda, akacheka kidogo, lakini hakusema kwamba nimemshinda, wala sidhani kwamba nilimshinda. Aliyetupa kikapu alijua anachokitupa na anachokibakiza. Vijana wetu hawajui hata kimoja, nao hawawezi kukataa wala kushika kitu wasichokijua. Hiyo ndiyo sababu naona safari yafaa, ila kwa sharti kwamba waambiwe habari yote, jembe na kikapu pamoja.

Nasema haya nami nikiwa na deni. Nalipokuwa mtoto mchunga mbuzi, mimi na wenzangu tulilikuta ilungu moja porini, tukashindana kulitupia mawe mpaka ukingo wake wa juu ukavunjika. Hakuna aliyetukemea. Baadaye, chuoni, nalijifunza habari za Athens na Roma, nikapewa alama nzuri.

Likazuka swali jingine. Kijana mmoja Msukuma, ambaye wazazi wake walishuka bondeni na ng'ombe wao, aliniambia, "Baba Mchungaji, babu zangu wamezikwa Shinyanga. Je, nibaki hapa wenzangu wakienda kwao?" Nikamsimulia habari ya Milanzi kama wazee wanavyoisimulia: kwamba mtawala wa Milanzi alikuwa amekwenda kuwinda, wakatokea wanawake wageni wa ukoo wa Twa, na mkewe akawapa kiti. Aliporudi walipatana, wageni wakatawala nchi, naye akabaki na Milanzi yake na ibada za nchi. Katika ukoo huo wa wageni walitoka watawala wa Nkansi na wa Lyangalile. Basi Ufipa, hata katika masimulizi yake yenyewe, ni nchi ya mwenyeji na mgeni pamoja. Tena Zwangendaba, mkuu wa Wangoni aliyeuvuka Zambezi mwaka 1835, alifia Ufipa mnamo 1848 hivi. Mjukuu wa Mngoni akitafuta alipolala mkuu wake, atakuja kwetu. Nikamwambia kijana aandike jina lake.

Nawaonya pia wasitazamie mengi mno. Wako Waarmenia, Wakristo wa kale sana, ambao tangu mwaka 1915 waliuawa na kufukuzwa katika dola ya Waturuki, wakatawanyika Shamu, Ufaransa na Marekani. Wajukuu wao huweka akiba miaka mingi waende Armenia. Wafikapo Yerevan wauona mlima Ararat waziwazi, lakini mlima uko ng'ambo ya mpaka, Uturuki, na huko huko vilikuwa vijiji vya wengi wa babu zao. Vijana wetu nao watakuta mashamba ya mahindi na mabati, na malungu yaliyobaki yamemomonyoka.

Nimemwomba mzee afuatane nasi, asimame kando ya ilungu, awaeleze wajukuu kwa kinywa chake kilichotupwa mtoni na sababu yake. Alisema miguu yake haipandi tena. Nikamwambia tutakodi gari. Akasema atafikiri. Tutaondoka baada ya mavuno ya mpunga, na nafasi yake kando ya dereva tumeiacha wazi.