Ndege Gani?

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Kisawasawa, kwenye barabara itokayo Mang'ula kwenda Ifakara, hutakosa kumkuta ndege sebuleni. Amedariziwa kwenye kitambaa cha kochi, kwenye foronya, au katikati ya shuka la wageni. Ametazamana na mwenzake, na chini yao pameandikwa "Karibu Mgeni". Lakini mfuate mwenye nyumba huyo huyo shambani wakati mpunga unapokomaa. Utamkuta juu ya dungu, kombeo mkononi, akipiga debe na kupaza sauti tangu alfajiri hadi magharibi. Anaamia ndege. Mkono uliomdarizi ndege ndio unaomrushia udongo.

Je, huu si unafiki? Nimelifikiria swali hili kwa miaka mingi, kwa kuwa mkono mmojawapo ni wangu.

Wapo watakaojibu upesi kwamba ndege wa kitambaa ni pambo na mpunga ni chakula, basi yamekwisha. Jibu hilo halinitoshelezi. Kitu tunachomtandikia mgeni ndicho tunachotaka atujue kwacho. Kama twamwonyesha ndege, hapana budi tuulizane ni kwa haki gani.

Mama yangu alinifundisha kudarizi ndege bapa. Unachora kwa penseli, unafuata mstari kwa mshono wa mnyororo, unajaza mbawa kwa rangi yoyote uliyonayo. Uzi wa kijani ukiisha, unaendelea na mwekundu, na hakuna atakayelalamika. Ndege yule hana kabila wala makao. Ni ndege tu.

Baadaye nikajifunza kumdarizi ndege aliyeinuka, mwenye kifua cha kushikika. Kazi hii ni ya zamani; Waingereza waliipenda sana katika karne ya 17, wakapamba nayo visanduku vyao. Kitambaa hukazwa kwenye duara la mbao. Kisha unakata vipande vya kitambaa kizito, unashona kidogo kwanza, kikubwa juu yake, na kikubwa zaidi juu ya hicho, mpaka kifua kivimbe taratibu. Nafasi iliyobaki unaijaza sufi. Halafu unafunika yote kwa nyuzi zilizolazwa sambamba, bila kuacha upenyo. Bawa hushonwa pembeni, kwenye kitambaa kingine, kuzunguka waya mwembamba. Hukatwa na kushikizwa upande mmoja tu, ili lisimame lenyewe.

Sasa, msomaji wangu, tazama yanayokupata. Huwezi kuinua kifua bila kujua ni kinene kiasi gani. Huwezi kusimamisha bawa bila kujua linakunjwaje. Sindano inakuuliza: ndege gani? Nami, ili niijibu, ilinibidi nitazame juu ya dungu kile nilichokuwa nikikifukuza bila kukitazama.

Wale wanaoshuka kama wingu ni kwelea kwelea, wadogo, wa rangi ya udongo, dume lao lina mdomo mwekundu. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa maelfu, utajua kwa nini mkulima halali. Lakini kwenye matete karibu na mto yupo mwingine, mnana wa Kilombero, wa manjano na uso mweusi. Huyu hufuma kiota chake kwa mdomo tu, akichana majani na kuyapitisha huku na huku. Wanasayansi walimpa jina lake, Ploceus burnieri, mwaka 1990, na makao yake ni bonde hili la mafuriko. Mwaka 2021 ndege wengine wawili wadogo wa bonde hili wakapewa nao majina ya kisayansi. Ardhi yenyewe iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani. Sisi tuliwaita wote kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kelele ya kufukuzia.

Wahenga wamesema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Naiheshimu hekima ya wazee, lakini methali hii inafaa kapuni, kwa samaki waliokwisha kufa. Kwa walio hai ni hatari. Kwelea kwelea wakizidi, hunyunyiziwa sumu kutoka angani, na sumu haichagui. Huua na ndege wengine waliolala kwenye matete yale yale. Hata kwa binadamu, dhuluma nyingi huanza pale jina la wengi linapotosha kumhukumu mmoja. "Wafugaji wale." "Wageni wale." Katika bonde hili, ambamo mkulima na mfugaji wamegombania maji na majani, twayajua maneno hayo vizuri.

Jirani aweza kuniuliza, na kwa haki: kujua jina la ndege kutajaza sufuria? Hakutajaza. Sidai kwamba mnana hagusi punje, wala sijaacha kuamia. Watoto lazima wale. Anayemwambia mkulima awapende ndege wote, mwenyewe hajapata kupoteza gunia.

Ila nimeona kwamba haki haidai mapenzi. Kumfukuza kiumbe kwa kuwa anakula chakula chako ni jambo moja. Kumwangamiza kwa sababu hukujishughulisha kumjua ni jambo jingine. Unafiki wetu, kama upo, haumo katika kumdarizi ndege na kumfukuza. Umo katika kuridhika na ndege bapa, asiye na kabila, tukadhani kwamba tumemkaribisha.

Kwa hiyo nafukuza kwa sauti na debe, na matete ya kando ya maji mpakani mwa shamba langu siyafyeki wala siyachomi. Na mtu anaposema mkutanoni kwamba ndege wamezidi, waletewe sumu, mimi huuliza lile lile niliulizwalo na sindano: ndege gani? Mara nyingine wananicheka. Mara nyingine mtu mmoja hunyamaza kidogo, kisha anajaribu kujibu.